Kubaki, Kubakia na Kubakishwa: Nafasi ya Uongozi wa Shule katika Kudumu kwa Walimu Rasini Afungi, Kaskazini mwa Msumbiji

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna uongozi wa shule unavyoathiri uamuzi wa mwalimu wa kubaki au kuondoka katika shule za rasi ya Afungi, wilayani Palma, mkoani Cabo Delgado. Maelezo yaliyozoeleka kuhusu walimu kuhama huegemea mambo mawili: mshahara na usalama. Makala yanakubali uzito wa mambo hayo, lakini yanaonesha kwamba kati ya uamuzi wa serikali na uamuzi wa mwalimu ipo nafasi inayojazwa na mkuu wa shule, na kwamba katika ukanda huu wenye lugha nyingi nafasi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya kilugha. Kwa kutumia uchambuzi wa nyaraka pamoja na nadharia ya Hirschman (1970) kuhusu kuondoka, kusema na uaminifu, makala yanatofautisha kubaki, kubakia na kubakishwa. Yanahitimisha kwamba mkuu wa shule anaweza kumsaidia mwalimu abakie, ila hana uwezo wala haki ya kumbakisha pale ambapo dola haijamhakikishia uhai wake.

1.0 Utangulizi

Tarehe 24 Machi 2021 wapiganaji waliuvamia mji wa Palma. Kwa siku kadhaa maelfu ya watu walikimbia: wengine kwa miguu kuelekea Afungi na kijiji cha Quitunda, wengine kwa mashua na meli hadi jiji la Pemba, makao makuu ya mkoa, na wengine kupitia porini kuelekea mto Ruvuma na mpaka wa Tanzania. Walimu walikimbia pamoja na wanafunzi wao. Tarehe 26 Aprili mwaka huohuo kampuni ya Total ilitangaza hali ya dharura isiyozuilika na kuusimamisha mradi wake wa gesi. Mwezi Julai majeshi ya Rwanda yaliingia Cabo Delgado, yakifuatwa na ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), na Agosti mji wa Mocímboa da Praia ukakombolewa baada ya mwaka mzima mikononi mwa waasi. Wakazi wakaanza kurejea kidogokidogo, na shule nazo zikaanza kufunguliwa. Ndipo likazuka swali ambalo hesabu za gesi hazilijibu: nani atarudi ubaoni, na nani, akisharudi, atadumu?

Majibu ya haraka ya swali hilo ni mawili. La kwanza ni kwamba mwalimu atadumu akilipwa vizuri. La pili ni kwamba atadumu vita vikiisha. Majibu yote mawili ni ya kweli, na yote mawili yako nje ya uwezo wa shule. Mkuu wa shule ya msingi huko Afungi hapangi mshahara, wala haongozi kikosi cha jeshi. Je, hana lolote? Makala haya yanashikilia kwamba analo. Anaamua namna mwalimu mgeni anavyopokewa, anavyosikilizwa, anavyogawiwa kazi na anavyopewa habari. Mambo haya manne hutendeka kwa lugha, na Afungi ni mahali ambapo lugha ya ofisi na lugha ya kijiji hazikutani bila mtu wa kuzikutanisha.

Makala yanatokana na uchambuzi wa nyaraka: sheria za elimu za Msumbiji, taarifa zilizochapishwa kuhusu shule na walimu, historia ya elimu ya nchi hiyo, na tafiti za uongozi wa shule zilizofanywa kwingineko. Mifano ya kufikirika iliyotumika imetajwa kuwa hivyo.

2.0 Muktadha wa Afungi

Rasi ya Afungi iko kusini mwa ghuba ya Palma, karibu na mpaka wa Tanzania. Gesi asilia iligunduliwa katika bahari ya jirani mwaka 2010, na eneo la takribani hekta 7,000 rasini likatengwa kwa ajili ya mitambo ya kuisindika. Mwaka 2019, mwaka ambao uamuzi wa kuwekeza dola za Marekani bilioni 20 ulitangazwa, wakazi wa kijiji cha Quitupo walianza kuhamishiwa Quitunda, kijiji kilichojengwa upya kwa ajili yao. Kabla ya hapo, tarehe 5 Oktoba 2017, mashambulizi ya kwanza ya waasi yalikuwa yametokea Mocímboa da Praia, kusini mwa Palma. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga mkoa huo na kuharibu shule nyingi. Ndani ya miaka minne, kwa hiyo, shule za ukanda huu zilikumbwa na uhamisho, tufani na vita.

Kilugha, Palma ni njia panda. Kimakwe huzungumzwa pwani kuanzia hapo hadi mpakani. Kimwani, lugha ya pwani inayokaribiana sana na Kiswahili kwa msamiati, hutawala upande wa Mocímboa da Praia na Ibo. Kimakonde huteremka kutoka nyanda za juu za Mueda. Na Kiswahili ni lugha ya biashara, ya uvuvi na ya udugu na watu wa Mtwara. Kireno, ambacho Katiba ya mwaka 2004 inakitambua kuwa lugha rasmi, ni lugha ya ofisi na ya darasa. Sera ya elimu kwa lugha mbili, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2003 baada ya majaribio ya miaka ya 1990, imeziingiza Kimwani, Kimakonde na Kimakhuwa katika madarasa ya mwanzo, lakini utekelezaji wake hutegemea kuwapo kwa mwalimu anayeijua lugha husika na vitabu vya lugha hiyo.

Mwalimu anayepangiwa kazi Afungi mara nyingi si mtu wa hapo. Anaweza kuwa ametoka Nampula au Zambézia, akiwa na Kimakhuwa au Kichuwabo nyumbani na Kireno kazini. Kwa miaka mingi maandalizi yake yalikuwa mafupi: mfumo ulioanza mwaka 2007 ulimtaka kijana mwenye elimu ya darasa la kumi asomee ualimu kwa mwaka mmoja tu kabla ya kukabidhiwa darasa. Mifumo iliyofuata imerefusha mafunzo, na Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Elimu, Namba 18 ya mwaka 2018, imepanga upya elimu ya msingi na kuifanya ya lazima hadi darasa la tisa. Hata hivyo, walimu waliopita katika njia ile fupi bado wako kazini, na darasa la wanafunzi zaidi ya 60 linalosoma kwa zamu si jambo la ajabu. Mwalimu wa namna hii humhitaji kiongozi mapema kuliko mwenzake aliyeandaliwa kwa miaka mitatu.

3.0 Mihimili ya Nadharia

Tafiti za kudumu kwa walimu ziligeuka mkondo baada ya kazi ya Ingersoll (2001) nchini Marekani. Hadi wakati huo iliaminiwa kwamba shule hukosa walimu kwa sababu vyuo havitoi wahitimu wa kutosha. Ingersoll alionesha kwamba tatizo kubwa lilikuwa la ndoo inayovuja: wengi huingia, wengi hutoka kabla ya kustaafu, na miongoni mwa sababu walizozitoa ni kukosa msaada wa uongozi na kutosikilizwa katika maamuzi. Boyd na wenzake (2011), wakichunguza walimu wa New York, waliona kwamba kati ya mazingira yote ya kazi, mtazamo wa mwalimu kuhusu viongozi wa shule yake ndio uliohusiana zaidi na uamuzi wake wa kubaki. Grissom (2011) aliongeza kwamba athari ya kiongozi bora huwa kubwa zaidi katika shule zenye wanafunzi wanaoishi katika dhiki. Matokeo ya New York hayawezi kuhamishiwa Afungi kama yalivyo. Yanachotupa ni mwelekeo: mazingira yanavyozidi kuwa magumu, ndivyo tofauti kati ya kiongozi mzuri na mbaya inavyozidi kuonekana.

Sababu ya jambo hilo inaelezwa vizuri na Hirschman (1970). Kwa maoni yake, mtu asiyeridhika na taasisi yake ana njia mbili: kuondoka au kusema. Uaminifu wake kwa taasisi ndio unaoamua kama atajaribu kusema kabla ya kuondoka. Mahali ambapo kusema hakuna faida, au kunamletea msemaji madhara, watu huondoka kimyakimya. Tunaongeza hapa njia ya tatu inayofahamika sana mashuleni: kuondoka bila kuhama. Mwalimu jina lake limo katika orodha, mshahara wake unatoka, lakini hayupo darasani au yupo kwa mwili tu.

Lugha ya Kiswahili inatusaidia kuzipambanua hali hizi. Kitenzi baki hutaja hali tu: mwalimu hakuondoka. Kauli ya kutendea, bakia, ingawa wazungumzaji wengi huitumia kwa kubadilishana na ile ya kwanza, kimofolojia inaweza kubeba shamirisho la mahali au la sababu: mwalimu amebakia shuleni hapo, kwa ajili ya kitu fulani. Kauli ya kutendesha, bakisha, na kauli yake ya kutendwa, bakishwa, huleta mtenda mwingine: kuna aliyemfanya abaki. Katika makala haya, kubaki ni kutohama. Kubakia ni kudumu mahali kwa sababu ambayo mwalimu mwenyewe anaikubali. Na kubakishwa ni kuzuiwa kuondoka. Takwimu za utumishi huhesabu kubaki. Uongozi mzuri hulenga kubakia. Mara nyingi, amri ya kiutawala huishia kwenye kubakishwa.

4.0 Uchambuzi: Mambo Manne Yaliyo Mikononi mwa Mkuu wa Shule

4.1 Kupokewa: kutoka profesa hadi mwalimu

Kaskazini mwa Msumbiji, katika jamii za Kiislamu za pwani, neno mwalimu lina mwenyewe. Mwalimu ni yule afundishaye Kurani, anayeombea wagonjwa na kushauri familia. Neno hilo limeingia hata katika Kireno cha eneo hilo kwa maana hiyohiyo. Anayefundisha katika shule ya serikali huitwa kwa neno la Kireno, profesa, ambalo katika Kireno halimaanishi mhadhiri wa chuo kikuu bali mfundishaji wa ngazi yoyote. Msomaji wa Tanzania au Kenya anaweza kuliona jambo hili kuwa dogo. Kwa mtafiti wa lugha linaeleza mengi: mwalimu ni wa kijiji, profesa ni wa serikali. Wa kwanza ana wazazi, ana wanafunzi na ana heshima iliyorithiwa. Wa pili ana barua ya uteuzi.

Mwalimu mgeni akiachwa na barua yake peke yake, atabaki profesa. Kazi ya kwanza ya mkuu wa shule ni kumvusha. Methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, haimtaki mgeni afanye kazi tu. Inamwingiza katika kaya, kwa maana mwenye jembe si mgeni tena. Tuchukue mfano wa kufikirika wa mwalimu kijana kutoka Zambézia aliyefika Quitunda mwezi Januari. Mkuu wa shule wa kwanza humwonesha darasa na orodha ya wanafunzi 70, kisha hurudi ofisini. Mkuu wa pili humpeleka kwa kiongozi wa kijiji na kwa mwalimu wa madrasa, humtambulisha kwa lugha yao, huwaomba wamtafutie nyumba ya kupanga kwa mtu mwenye staha, na humfundisha salamu kabla ya kumfundisha ratiba. Walimu hawa wawili wana mshahara uleule. Mmoja ana watu wa kumjulia hali akiugua, na mwingine hana.

Uhusiano na madrasa si wa adabu pekee. Watoto wa pwani husoma huko na shuleni pia. Zamu ya shule ikigongana na saa za madrasa, mahudhurio hushuka, na lawama humwangukia profesa. Mkuu wa shule anayekaa na mwalimu wa Kurani wakapatana kuhusu saa, na wakapatana tena mwezi wa Ramadhani unapokaribia, humwondolea mwalimu wa darasani ugomvi ambao asingeweza kuumaliza peke yake.

4.2 Kusikilizwa: baraza la shule kama mahali pa kusema

Kila shule ya Msumbiji inatakiwa kuwa na baraza linalowakutanisha mkuu wa shule, walimu, wafanyakazi, wanafunzi, wazazi na wawakilishi wa jamii. Baraza hili hushiriki kuamua matumizi ya ruzuku ndogo ambayo serikali imekuwa ikiipeleka moja kwa moja shuleni tangu mwaka 2003. Kwa maneno ya Hirschman, hapa ndipo mahali pa kusema.

Lakini pa kusema kwa lugha gani? Mzazi wa Afungi anaeleza jambo zito kwa Kimakwe au Kiswahili. Mwalimu mgeni anaeleza la kwake kwa Kireno. Mkutano ukiendeshwa kwa Kireno pekee, wazazi huitikia kwa vichwa na kuondoka na manung'uniko yao. Ukiendeshwa kwa lugha ya kijiji bila tafsiri, mwalimu mgeni hukaa akisikia jina lake likitajwa asijue analaumiwa au anashukuriwa. Katika hali zote mbili kusema kumekufa, na kilichosalia ni kuondoka.

Mkuu wa shule ndiye mfasiri wa baraza, atake asitake. Ufasiri wake unaweza kujenga au kubomoa. Mzazi akisema kwamba watoto hawajui kusoma hata baada ya miaka miwili, mkuu anaweza kumfasiria mwalimu kuwa wazazi wanamlaumu, au anaweza kufasiri malalamiko pamoja na sababu yake: wazazi wanataka kujua watoto wao wasaidiweje nyumbani. Hatupendekezi ufasiri wa kuficha. Tunasema kwamba katika shule ya lugha nyingi, uaminifu wa tafsiri ni sehemu ya uongozi sawa na uaminifu wa fedha, na kwamba mkuu asiyeijua lugha yoyote ya kijiji anapaswa kumteua mtu wa kufasiri badala ya kujifanya kwamba mkutano umeeleweka.

Jambo moja lililoripotiwa baada ya Julai 2021 linatia mkazo hoja hii. Wanajeshi wa Rwanda waliweza kuzungumza na wakazi wengi wa Palma na Mocímboa da Praia kwa Kiswahili, na hilo likasaidia kujenga imani. Askari wa nchi ya mbali alielewana na mzee wa kijiji moja kwa moja, ilhali mtumishi wa serikali yake mzee huyo alihitaji mkalimani. Funzo hapa si la kijeshi. Lugha ya eneo ilikuwapo tayari, na haikuwa imehesabiwa kuwa nyenzo ya utumishi.

4.3 Kugawiwa: haki katika mambo madogo

Mkuu wa shule hapangi mshahara, lakini hupanga zamu, hugawa madarasa, hutoa ruhusa, huandika tathmini ya utendaji na hupendekeza nani aende semina ya kanda ya shule jirani. Kwa mwalimu aliye mbali na kwao, haya ndiyo maisha yenyewe. Ruhusa ya siku nne kwenda kuzika au kufuata fedha benki ni jambo kubwa. Benki za Palma zilivamiwa katika shambulio la 2021, na hata kabla ya hapo walimu wengi wa vijijini nchini walilazimika kusafiri kuufuata mshahara wao. Mkuu anayetoa ruhusa kwa upendeleo, au anayekataa zote ili asionekane dhaifu wilayani, huwafundisha walimu wake kuondoka bila kuaga.

Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014, uliotembelea shule za msingi za Msumbiji bila taarifa, uligundua kwamba asilimia 45 ya walimu hawakuwapo shuleni. Wakuu wa shule nao walikosekana kwa kiwango kinachokaribia hicho. Idadi hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi. Shule ambayo mkuu hayupo haina mtu wa kuombwa ruhusa, wala wa kusuluhisha ugomvi, wala wa kuona kwamba fulani amefundisha zamu mbili wiki nzima. Mwalimu mwenye bidii katika shule hiyo huanza kujiona mjinga. Kwa hiyo sharti la kwanza la uongozi unaodumisha walimu ni rahisi kulitaja na gumu kulitimiza: mkuu awepo.

Hata hivyo haki inadai tuseme kwamba mkuu naye huitwa. Mara nyingi hukosekana kwa sababu ya vikao, fomu na taarifa zinazodaiwa na ofisi ya wilaya, ambayo ndiyo inayowasimamia walimu. Ofisi inayomtoa shuleni kwa kikao kila wiki haiwezi kumlaumu kwa utoro wa walimu wake.

4.4 Kupewa habari: ukweli wakati wa hatari

Katika eneo la vita habari ni chakula. Uvumi kwamba watu wenye silaha wameonekana kijiji cha jirani unaweza kuifunga shule kwa saa moja. Mkuu wa shule hukaa kati ya sauti mbili: wilaya inayotaka shule ziwe wazi ili kuonesha kwamba hali imetulia, na walimu wanaotaka kujua kama watalala salama. Akisema kila siku kwamba hakuna tatizo, siku tatizo litakapokuja atapoteza zaidi ya walimu. Atapoteza neno lake. Mwalimu aliyewahi kudanganywa mara moja kuhusu usalama harudi, hata hali ikitulia kweli.

Kinachowezekana kufanywa ni cha kawaida: shule ikubaliane mapema nani atatoa taarifa, watoto watapelekwa wapi, mwalimu mwenye familia atafanya nini kwanza, na nani atabaki na orodha ya majina. Mapatano hayo yaandikwe, na yasemwe kwa lugha ambayo mlinzi wa shule na mama anayewauzia watoto vitafunio wanaielewa. Muhimu kuliko yote, mwalimu anayesema anaogopa asiandikwe kuwa mtoro. Kusema anaogopa ni kusema, kwa maana ya Hirschman. Ni dalili kwamba bado anaiamini taasisi kiasi cha kuieleza hofu yake.

5.0 Mipaka ya Uongozi

Hoja ya makala haya inaweza kutumiwa vibaya. Ofisa anaweza kuisoma na kusema: kumbe walimu wanaondoka kwa sababu ya wakuu wabovu, basi tuwabadilishe wakuu. Kwa sababu hiyo ni lazima mipaka ielezwe.

Mpaka wa kwanza ni historia ya kutumwa. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, walimu wengi Wareno walikuwa wameondoka. Mwaka 1977 serikali ya Samora Machel iliwataka wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari waache masomo yao na kwenda kuhudumu palipohitajika, wengi wao wakiwa walimu. Wanakumbukwa kama kizazi cha 8 Machi. Bila wao shule nyingi zisingefunguliwa. Lakini kizazi hicho kilitumwa na taifa lililokuwa limetoka kushinda, na wengi walielewa walikuwa wakijenga nini. Msamiati wa kutumwa umedumu katika utumishi hata pale ambapo maelewano yale hayapo tena, na mwalimu wa leo anayeamriwa kurudi Palma husikia amri bila kusikia sababu.

Mpaka wa pili unaoneshwa na Kenya. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Wenzao walikataa kurejea kaskazini mashariki. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, tume ya walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji, na shule nyingi zikabaki bila wafundishaji. Wazazi wa Garissa walilalamika kwamba watoto wao wameachwa. Walimu walijibu kwamba hawawezi kufundisha wakiwa wafu. Pande zote mbili zilikuwa na haki. Hakuna mkuu wa shule ambaye angeweza kuusuluhisha mgogoro huo, kwa sababu haukuwa mgogoro wa shule.

Mpaka wa tatu ni gesi yenyewe. Mradi mkubwa unaposimama karibu na shule, mtu anayetafutwa ni yule mwenye Kireno fasaha, anayejua kuandika taarifa na kuongoza watu. Mtu huyo ni mwalimu. Kodi za nyumba hupanda na mshahara wa serikali hubaki ulivyo. Kiongozi mwema anaweza kumpunguzia mwalimu upweke, ila hawezi kumlipia kodi.

Kwa hiyo pale ambapo uhai haujahakikishwa na maisha hayalipiki, kumtaka mkuu wa shule awadumishe walimu ni kumtaka awabakishe. Atatumia vitisho vya nidhamu, au atatumia huruma yao kwa watoto, ambayo ni njia mbaya zaidi kwa kuwa inaumiza walio bora. Matokeo yake ni walimu waliobaki katika orodha na kuondoka moyoni.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yamejenga hoja kwamba mkuu wa shule wa Afungi ana mambo manne mikononi mwake, nayo ni kupokea, kusikiliza, kugawa kwa haki na kutoa habari za kweli, na kwamba yote manne hupitia katika lugha. Kutokana na hoja hiyo tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, ujuzi wa lugha moja ya eneo, iwe Kimakwe, Kimwani, Kimakonde au Kiswahili, uwe sehemu ya vigezo vya uteuzi wa wakuu wa shule wilayani Palma, au utolewe kama mafunzo katika mwaka wa kwanza wa uteuzi. Pili, kila mwalimu mgeni atambulishwe rasmi kijijini, na jukumu hilo liandikwe katika majukumu ya mkuu wa shule. Tatu, wakuu wapewe mamlaka ya kutoa ruhusa fupi kwa utaratibu ulio wazi, na vikao vya wilaya vipunguzwe ili wawepo shuleni. Nne, kila shule iwe na mapatano ya usalama yaliyoandikwa na yanayoeleweka, na wilaya iheshimu uamuzi wa mkuu wa kufunga shule kwa dharura bila kumwadhibu.

Tano, Kiswahili kitumike kuvuka mpaka. SADC ilikifanya kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu ulioko Bagamoyo, nchini Tanzania, umekuwa ukiwafundisha viongozi wa shule, nao ni jirani wa Palma kuliko Maputo. Inafaa kukumbuka kwamba FRELIMO iliwahi kuwa na shule ya sekondari katika mji huohuo wa Bagamoyo wakati wa vita vya ukombozi. Mafunzo mafupi kwa wakuu wa shule wa kaskazini mwa Msumbiji yangekuwa kuirudia njia iliyokwisha kupitwa.

Mwisho, tunawaomba wanaokusanya takwimu za walimu Cabo Delgado wasiishie kuuliza wangapi wamebaki. Waulize pia wangapi wanajulikana kwa majina yao kijijini, wangapi walizungumza katika baraza la shule mwaka huu, na kwa lugha gani. Majibu ya maswali hayo yatawaonesha ni wapi walimu wamebakia, na ni wapi wanasubiri tu gari la kwanza la kwenda Pemba.